Maana ya Majina katika Nasaba ya Mwanzo: Asili, Simulizi na Dhana

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maana ya majina ya Kiebrania yaliyomo katika nasaba ya mababu kumi, toka Adamu hadi Nuhu, kama ilivyoandikwa katika sura ya 5 ya kitabu cha Mwanzo. Imeenea fasiri isemayo kwamba majina hayo, yakitafsiriwa na kupangwa mfululizo, huunda sentensi moja ya unabii: kwamba mwanadamu amewekewa huzuni ya mauti, kwamba Mungu mbarikiwa atashuka na kufundisha, na kwamba kifo chake kitawaletea pumziko waliokata tamaa. Fasiri hii huvutia, na wengi huipokea bila kuuliza. Swali letu si la imani bali la lugha: je, Kiebrania chenyewe chairuhusu?

Kabla ya kujibu, yatupasa kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni asili ya neno, yaani mzizi wake wa konsonanti. La pili ni maana ya kisimulizi, yaani sababu ambayo matini yenyewe huitoa kuhusu jina fulani. La tatu ni dhana ya msomaji, ambayo yaweza kuwa njema lakini haimo katika neno.

Yapo majina ambayo asili yake ni dhahiri. *Adam* ni nomino ya kawaida yenye maana ya mtu, na Mwanzo 2 hulihusisha na *adamah*, yaani ardhi. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa jambo hili, kwani neno letu binadamu, tulilolipata kwa njia ya Kiarabu, lalingana moja kwa moja na *ben adam* la Kiebrania. *Enosh* nalo ni mtu, na hutumika zaidi katika ushairi. *Mahalalel* ni sifa ya Mungu. *Hanokh*, ambaye Biblia ya Kiswahili humwita Henoko, huhusishwa na mzizi h-n-k wa kuweka wakfu na kuzoesha, ule ule uliozaa jina la sikukuu ya Hanuka.

Mengine hayako wazi kiasi hicho. Wenye fasiri tuliyoitaja humpa Kenani maana ya huzuni kwa kumfungamanisha na *qinah*, wimbo wa maombolezo. Lakini jina hili lakaribiana zaidi na Kaini, na Kiarabu kina *qayn*, yaani mhunzi. Tukumbuke pia kwamba katika Mwanzo 4:22 mfua shaba na chuma huitwa Tubal-kaini. Methusela naye hufanywa kuwa "kifo chake kitaleta". Hapo pana kosa la sarufi, kwa kuwa sehemu ya kwanza, *metu*, ni neno la kale lenye maana ya mtu au mume, lenye mwenzake *mutu* katika Kiakadi, nalo huonekana tena katika jina Methushaeli la Mwanzo 4:18. Ama Lameki, mzizi wake haujapata maelezo yanayokubalika na wataalamu wote. Kulipa maana ya kukata tamaa ni kuziba pengo kwa matakwa.

Hata pale mzizi unapojulikana, matumizi yake hayafungwi na mzizi huo. Yaredi huhusishwa na y-r-d, kushuka. Nani aliyeshuka? Msomaji wa leo husema ni Mungu. Kitabu cha Yubilei, kilichotungwa katika karne ya 2 kabla ya Kristo na kuhifadhiwa kikamilifu katika Kigeez cha Ethiopia, chasema ni malaika walioshuka duniani siku za Yaredi. Mzizi ni mmoja, fasiri ni mbili, na jina lenyewe haliamui kati yao.

Jambo lenye mafunzo zaidi ni kwamba waandishi wa Biblia wenyewe hawakufuata asili kwa ukali wa mwanaisimu. Hawa anapomzaa Kaini hutumia kitenzi *qaniti*, nimepata, ambacho mzizi wake ni q-n-h, ilhali jina ni la q-y-n. Katika Mwanzo 5:29 Lameki asema kwamba Nuhu atawafariji, *yenahamenu*, kitenzi cha n-h-m, ingawa jina *Noah* ni la n-w-h, kupumzika. Wafasiri wa Septuaginta waliiona tofauti hiyo, wakaandika kwa Kiyunani kwamba atawapumzisha. Mwandishi wa Kiebrania hakukosea. Alikuwa akicheza na sauti, na mlio ulimtosha. Lakini mchezo huo aliufanya waziwazi, akampa msomaji sababu yake. Pale aliponyamaza, kama kwa Yaredi na Methusela, hatuna ruhusa ya kusema kwa niaba yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo karibu nasi. Katika nyumba ya Kiluo waweza kuwakuta ndugu watatu: Otieno aliyezaliwa usiku, Okoth aliyezaliwa wakati wa mvua na Odhiambo aliyezaliwa jioni. Kila jina lina maana ya kweli na lilitokana na saa yake. Mtu akiyaunga pamoja na kutangaza kwamba ukoo huo ulitabiri gharika, hakuna mzee atakayemkubalia. Maana ya jina ni ya mwenye jina na ya siku alipopewa. Haigeuki kuwa kipande cha sentensi kwa sababu tu majina yameandikwa katika orodha moja.

Kwa hiyo twahitimisha kwamba nasaba ya Mwanzo 5 ina majina yenye maana, lakini haina sentensi. Anayetaka kuhubiri ukombozi anazo matini nyingi zisemazo hivyo waziwazi. Mwalimu wa lugha, kwa upande wake, ana wajibu wa kumwonyesha mwanafunzi mahali neno linapoishia na mahali msomaji anapoanzia. Asipofanya hivyo, kesho mwanafunzi huyo atayafasiri maneno ya Kiswahili kwa njia iyo hiyo, nasi hatutakuwa na hoja ya kumzuia.