Cheti Kikiisha Muda

Msimu wa kuchagua kozi za vyuo kwenye tovuti ya KUCCPS ukifika, saiba za mjini Kisii hujaa tangu asubuhi. Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, mambo ni yale yale, na mwishoni mwa Juni foleni hurudi tena kwa sababu ya ritani za kodi za KRA. Katika pilikapilika hizo kuna jambo ambalo wahudumu wa saiba wamelizoea mno. Skrini inabadilika ghafla, pembetatu nyekundu inatokea, na maneno chini yake yanaonya kwamba muunganisho si salama. Mhudumu anabofya mara moja, anabofya tena, na kazi inaendelea. Mteja aliyeketi kando, ambaye nywila yake ndiyo inayokaribia kuandikwa, hajui kwamba onyo lilikuwa lake.

Pengine kosa ni la kompyuta yenyewe. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo inayotunza saa. Betri hiyo ikifa, mashine iliyozimwa usiku huwaka asubuhi ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Kivinjari kinaangalia cheti cha tovuti, kinaona hakijaanza kutumika, kinakataa kuingia. Hapo dawa ni kurekebisha saa na kununua betri mpya. Pengine tena kosa ni la ofisi yenye tovuti: cheti kimeisha muda na hakuna aliyekihuisha. Lakini kuna sababu ya tatu, nayo ndiyo ya hatari: mtu amejipenyeza katikati na kusimamisha tovuti bandia. Maonyo ya hali zote tatu yanafanana sana, na aliyezoeshwa kupuuza mawili ya kwanza atapuuza na hili. Ndiyo maana ofisi ya umma inayoacha cheti chake kiishe inawadhuru watu wake kuliko inavyodhani, kwa kuwa inawafundisha kutoamini onyo.

Cheti chenyewe ni faili ndogo. Ndani yake mna jina la tovuti, ufunguo wa umma, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na sahihi ya kidijitali ya shirika lililohakikisha kwamba aliyekiomba ndiye mwenye jina hilo. Ufunguo wa siri unaolingana na ule wa umma hubaki kwenye seva na haupaswi kutoka. Simu na kompyuta hutoka kiwandani zikiwa na orodha ya mashirika yanayoaminiwa kutia sahihi hizo. Kwa Kenya, wanaotoa huduma za vyeti vya kielektroniki hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano.

Shirika la kutoa vyeti likivamiwa, madhara huvuka mipaka. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye mitambo ya DigiNotar ya Uholanzi wakajitengenezea vyeti bandia zaidi ya 500, kikiwemo cha Google kilichotumika dhidi ya watumiaji wa Iran. Vivinjari vililiondoa shirika hilo kwenye orodha zao, na Septemba mwaka huo huo likafilisika.

Vyeti na funguo zake hukaa kwenye seva, na nyuma ya tovuti nyingi leo hakuna mashine moja kwa kila mfumo. Kompyuta moja yenye nguvu hugawanywa kwa programu iwe seva pepe nyingi: hii ya matokeo ya wanafunzi, ile ya barua pepe, nyingine ya malipo. Vyuo, hospitali, benki na sako hupenda mpango huu kwa kuwa unapunguza gharama ya mashine na ya stima. Ni kama ploti ya kupangisha pale Nyanchwa, mjini Kisii. Kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, ila keateka ana funguo za vyumba vyote. Programu inayosimamia seva pepe ndiyo keateka huyo, na anayeishika anaweza kuzima, kunakili au kufuta kila kilichomo.

Julai 2024 Microsoft ilieleza jinsi magenge ya wadai fidia yalivyoitumia nafasi hiyo. Seva zenye VMware ESXi, mojawapo ya programu hizo za kusimamia seva pepe, zilizounganishwa na orodha ya watumiaji ya ofisi zilikuwa zikimpa mamlaka kamili yeyote aliye kwenye kundi linaloitwa "ESX Admins". Hazikuuliza kundi hilo limeundwa na nani. Mvamizi aliyekwisha kupata haki ya kuunda makundi alilisajili jina hilo, akajiingiza humo, kisha akafunga mafaili ya seva pepe zote na kudai pesa za kuyafungua.

Vyeti vya ndani, ambavyo mitambo ya ofisi hutumia yenyewe kwa yenyewe, vina hatari yao, ya kimyakimya zaidi. Programu ya VMware vCenter, inayosimamia seva za ESXi, hutumia cheti maalumu kutia sahihi kila mara mtu anapoingia kuisimamia. Kuanzia toleo la 6.5 Update 2, mitambo mingi iliyosakinishwa upya ilipewa cheti cha miaka 2 tu, na matoleo ya awali hayakutoa onyo siku zilipokaribia kwisha. Miaka 2 ilipotimia, seva pepe ziliendelea kufanya kazi, lakini wasimamizi wakajikuta wamefungiwa nje ya mtambo wao wenyewe.

Kuna pia mitego ya kunakili. Fundi akiichukua seva pepe iliyokamilika na kutoa nakala 5, ufunguo wa siri nao unakuwa mahali 6, na ukivuja kwenye nakala moja umevuja kwa zote. Akiirudisha seva kwenye hali iliyohifadhiwa miezi 3 nyuma, huenda akarudisha cheti kilichokwisha kubadilishwa. Kompyuta za Windows zilizo kwenye orodha ya ofisi hubadilisha nywila zao za ndani kila siku 30 bila mtu kuona. Seva iliyorudishwa nyuma hukumbuka ile ya zamani na kukataliwa. Saa ya seva nayo ikitofautiana na ya mitambo mingine kwa zaidi ya dakika 5, mfumo wa Kerberos unaotambulisha watumiaji wa orodha hiyo hugoma.

Hata kampuni kubwa zimekwisha kuonja madhara ya cheti kuisha. Tarehe 6 Desemba 2018 cheti kilichoisha ndani ya programu ya Ericsson kiliwakatia data wateja wa O2 nchini Uingereza, mtandao wenye watumiaji milioni 32, pamoja na wale wa SoftBank wa Japani.

Kwa vijana wa Gusii walioko vyuoni, suala hili la vyeti limo mfukoni, kwenye simu. KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka 1999, ndio unaoendesha eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, nchini Kenya. Mwanafunzi akitembelea chuo kingine kilichojiunga huingia kwenye waifai kwa akaunti ya chuo chake, na nywila huhakikiwa na seva ya nyumbani kwao. Simu inatakiwa kukagua cheti cha seva hiyo kwanza. Anayechagua kutokagua, kama wengi wanavyoelekezana, anaweza kuikabidhi nywila yake kwa mtu yeyote aliyewasha waifai yenye jina eduroam.

Muda wa vyeti vya tovuti sasa unafupishwa. Aprili 2025, jukwaa linalowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipiga kura kuushusha kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, kisha 100 mwaka 2027, na 47 tarehe 15 Machi 2029. Let's Encrypt, inayotoa vyeti bila malipo, iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha mwezi Juni 2025. Ofisi inayomtegemea afisa mmoja na kalenda ya ukutani haitaweza kuhuisha zaidi ya mara 7 kwa mwaka kwa kila seva. Kazi hiyo lazima ifanywe na programu yenyewe, na tahadhari zake ziende kwenye anwani ya idara, kwa sababu afisa aliyehamishwa kutoka Nyamira kwenda Ogembo huondoka na barua pepe zake. Vyeti vya ndani, kama kile cha vCenter, havimo kwenye ratiba ya 2029. Hivyo vinahitaji orodha yake, yenye jina la kila mtambo, tarehe ya kuisha, na mahali ufunguo wa siri ulipo.