Tunguu la Galantusi: Kuchimba au Kupanda

Katika milima ya Taurus, kusini mwa Uturuki, humea galantusi, ua dogo jeupe litokalo katika tunguu na kuchanua theluji inapoanza kuyeyuka. Kwa miaka mingi wanavijiji waliyachimba matunguu hayo porini, nayo yakasafirishwa hadi Uholanzi. Kwa kuwa pori lilihofiwa kumalizika, mwaka 1990 biashara hiyo iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa, na katika miaka iliyofuata baadhi ya vijiji vikaanza kupanda.

Kupanda kwenyewe si kazi ngumu, ila kwataka subira: mmea uliotokana na mbegu huchukua miaka 3 au 4 kabla ya kuchanua. Hufaa udongo wenye mboji na unyevu, chini ya miti ipukutishayo majani, ili jua lipenye kabla matawi hayajachipua. Tunguu hufukiwa kiasi cha sentimeta 8 hadi 10. Majani yasikatwe mpaka yamegeuka manjano, kwani ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Akatavyo mapema kwa kupenda usafi wa shamba ajua atakachovuna.

Wakati wa kuvuna, makubwa ndiyo ya kuuzwa; madogo hayana budi kurudishwa ardhini siku ile ile, maana yakiachwa juani hunyauka upesi. Tena yasiwekwe karibu na jiko: yafanana na vitunguu, nayo ni sumu.