Makaburi ya Ming: Kwa Nini China Iliacha Kuchimba

Kiasi cha kilomita 50 kaskazini-magharibi mwa Beijing, chini ya milima ya Tianshou, wamezikwa wafalme 13 kati ya 16 wa nasaba ya Ming. Aliyechagua bonde hilo ni Yongle, mfalme wa tatu, na kaburi lake, Changling, lilianza kujengwa mwaka 1409. Wakati huo makao makuu ya dola yalikuwa bado Nanjing. Yalihamia rasmi Beijing mwaka 1421. Yaani mfalme alitangulia kujichimbia kaburi kaskazini kabla ya kuhamishia serikali huko. Mwenye akili aliyeona ujenzi ule alijua kwamba ukoo huo haurudi tena kusini.

Njia ya kuingilia bondeni ina urefu wa takriban kilomita saba, na kando yake zimepangwa jozi 18 za sanamu za mawe: simba, ngamia, tembo, farasi, kisha wanajeshi na maofisa wa dola. Yumo pia qilin, mnyama wa hadithi ambaye Wachina waliamini hujitokeza pale tu mfalme anapotawala kwa haki. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kumtazama kwa makini, kwani mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia Yongle twiga, na baraza lake likampokea kama qilin. Huyo ndiye mfalme aliyetuma merikebu za amiri Zheng He.

Mbele ya kaburi lake umesimama ukumbi wa Ling'en, wenye nguzo 60 za mbao adimu za nanmu. Wageni wengi huuliza habari za dhahabu, ilhali kiini cha mahali hapa ni ukumbi huu, maana ndipo zilipotolewa sadaka kwa marehemu. Kwa Wachina wa zama hizo, mfalme aliyefariki alibaki na nafasi yake katika dola, na mrithi asiyemtunza alijitia dosari machoni pa watu. Ndiyo maana hata Qianlong, mfalme wa nasaba ya Qing iliyoshika nafasi ya Ming, aliyakarabati makaburi haya katika miaka ya 1780.

Karne ya 20 ikaja na shauku ya kujua kilichomo ndani. Mwanahistoria Wu Han, aliyekuwa naibu meya wa Beijing, alikuwa miongoni mwa walioomba Changling ifunguliwe. Ikaamuliwa kwanza wajaribu Dingling, kaburi la Wanli aliyetawala tangu 1572 hadi 1620. Uchimbaji ulianza mwaka 1956. Bamba dogo la jiwe lililofukiwa na mafundi wa kale likawaelekeza kwenye ukuta wa kaburi. Mbele zaidi walikuta milango ya marumaru iliyokomewa kwa ndani: nguzo ya jiwe iliegemezwa nyuma yake ili mlango ukifungwa, nguzo ishuke na kuukaza. Wachimbaji walipenyeza chuma chembamba kilichopindwa kwenye ufa, wakaisukuma nguzo taratibu hadi ikasimama.

Ndani kulikuwa na kumbi tano, majeneza ya Wanli na malkia wawili, vitu zaidi ya 3,000, taji lililosukwa kwa nyuzi za dhahabu, na hariri kwa marobota. Dhahabu ilisalimika. Hariri ilipokutana na hewa ya nje ilianza kupoteza rangi na kukakamaa, na utaalamu wa kuihifadhi haukuwepo. Mwaka 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, vijana wa mapinduzi hayo, Walinzi Wekundu, waliitoa mifupa ya Wanli na malkia wake wakaichoma moto. Wu Han alifia gerezani mwaka 1969.

Baada ya Dingling, serikali ya China iliweka msimamo wa kutochimba makaburi ya wafalme isipokuwa pale yanapokuwa hatarini. Changling haijafunguliwa hadi leo, na uamuzi huo ni sahihi. Mpaka atakapopatikana mtaalamu wa kuthibitisha kwamba hariri ya Yongle itabaki salama ikiguswa na hewa, kaburi lake liachwe kama lilivyo.