Miaka 6,000 ama Bilioni 4.5? Vile Unaweza Amini Mungu Aliumba Dunia na Bado Usikatae Sayansi

Kama ulisoma 8-4-4, hii story unaijua. Uko kidato cha kwanza, asubuhi mko na CRE: Mungu aliumba mbingu na dunia kwa siku sita, ya saba akapumzika. Baada ya chai ya saa nne, mwalimu wa Historia anaingia na kuanza kuwachorea binadamu wa miaka milioni mbili iliyopita. Mtihani ikafika, ukaandika Mungu kwa CRE, ukaandika Darwin kwa Historia, ukapata maksi zote. Lakini hakuna mtu alikushow vile hayo majibu mawili yanaweza kukaa kwa kichwa moja.

Wasee wengi hubeba hilo swali mpaka campo. Kuna wenye huacha kanisa wakisema walidanganywa tangu Sande skul. Kuna wenye hukataa sayansi mzima mzima, wakidhani hiyo ndiyo imani. Kabla uchague upande, cheki kwanza hizi namba mbili zilitoka wapi.

Hii 6,000 ni ya nani?

Soma Biblia kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Hakuna mahali imeandikwa dunia ina miaka mingapi. Hiyo namba ni hesabu ya watu, na yenye ilivuma zaidi ni ya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland. Mwaka wa 1650 alichapisha kitabu ambacho alikuwa amejumlisha umri wa mababu, kwa mfano Adamu alimpata Sethi akiwa na miaka 130, halafu wafalme wa Israeli, halafu historia za mataifa jirani. Akafika Oktoba ya mwaka wa 4004 kabla ya Kristo.

Ussher hakuwa fala. Alikuwa msomi wa nguvu na alitumia vitabu vyenye vilikuwa hapo. Noma ilianza miaka ya 1700, wakati wachapishaji walianza kuweka tarehe zake pembeni mwa Biblia za Kiingereza. Msomaji akiona tarehe kando ya mstari, anadhani ni sehemu ya Neno. Mpaka leo kuna mtu anapigania 6,000 akidhani anamtetea Musa, kumbe anamtetea Ussher.

Na wanasayansi wanajuaje?

Kwanza, toa kaboni kwa hii story. Kipimo cha kaboni huishia kama miaka 50,000, na hakuna mtu huitumia kupima umri wa dunia.

Fikiria kibubu. Kila siku unaweka shilingi moja, huruki siku, na hakuna mtu anachomoa. Ukikivunja upate shilingi 365, utajua ulianza mwaka mmoja uliopita hata bila kalenda. Mawe ya volkano hufanya hivyo hivyo. Ndani yake kuna aina ya potasiamu yenye huisha polepole sana, na sehemu ya ile inaisha hugeuka kuwa gesi inaitwa agoni. Nusu ya hiyo potasiamu kuisha huchukua miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado moto, gesi hutoroka, kibubu kinabaki tupu. Ikipoa na kuganda, gesi inafungiwa ndani na hesabu inaanza.

Bonde la Ufa limejaa majivu ya volkano, ndiyo maana huku kwetu kupima ni rahisi kuliko sehemu nyingi. Ile fuvu Mary Leakey alipata Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1959, ilipimwa kwa hii njia na matokeo yakatoka 1961: kama miaka milioni 1.75. Turkana Boy naye, mifupa yenye Kamoya Kimeu aligundua Nariokotome mwaka wa 1984, ana kama miaka milioni 1.5. Hawakupima mfupa. Walipima majivu yaliyo juu yake na chini yake.

Umri wa dunia yenyewe ulipatikana kwa kibubu kingine, urani yenye hugeuka kuwa risasi. Mawe ya kwanza ya dunia yaliyeyuka na kusagwa kitambo, so Clair Patterson wa Marekani alipima vimondo, mawe ya angani yaliyotokea pamoja na sayari. Mwaka wa 1956 akatangaza bilioni 4.55. Mpaka wa leo hiyo namba haijasonga sana.

"Lakini si wanasayansi hubadilisha story kila siku?"

Swali fiti, na jibu iko hapa tu Kenya. Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna tabaka la majivu linaitwa KBS. Karibu 1970, vipimo vya kwanza vilisema ni ya miaka milioni 2.6. Shida ikawa nguruwe. Fosili za nguruwe zilizokuwa chini ya hayo majivu zilifanana na zile za bonde la Omo, Ethiopia, za kama miaka milioni 2. Wasomi wakazozana karibu miaka kumi, maabara zingine zikarudia vipimo, na kufikia 1980 hivi wakakubaliana: kama milioni 1.9. Sampuli za kwanza zilikuwa zimechanganyika na mawe ya zamani zaidi.

Wanaoshikilia 6,000 hupenda hii story, wakisema inaonyesha vipimo ni bure. Lakini angalia vizuri. Kosa lilishikwa, tena na nguruwe. Na namba iliposahihishwa ilitoka milioni 2.6 ikashuka milioni 1.9. Haikukaribia 6,000.

Sasa Mkristo afanye nini?

Wakristo hawajawahi kuwa na jibu moja, na hii si ujanja wa juzi wa kukimbia sayansi. Origen wa Aleksandria, Misri, aliuliza karne ya tatu vile kunaweza kuwa na siku tatu za kwanza na jua linakuja ya nne. Augustino, aliyezaliwa mahali leo ni Algeria, hakuchukua zile siku sita kama za saa 24. Hao ni Waafrika wawili, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Darwin. Ukweli usemwe pia: Augustino mwenyewe aliamini dunia ni changa. Hakuwa anajaribu kupata mabilioni. Alikuwa anasoma tu kwa makini.

Leo kuna wanaosema kila siku ya Mwanzo ni enzi ndefu, kwa sababu neno la Kiebrania la siku linaweza kumaanisha kipindi. Kuna wanaosema sura ya kwanza imepangwa kama shairi, kufundisha nani aliumba, si kuhesabu masaa. Kanisa Katoliki halina shida na dunia ya zamani, na wazo la ulimwengu kuanza na mlipuko mkubwa lilitoka kwa padri wao Mbelgiji, Georges Lemaître. SDA nao wanashikilia siku sita za kawaida, na wana sababu: Sabato imesimama juu ya hizo siku. Huwezi kuwadharau kwa hilo.

Wengine husema Mungu aliumba dunia ikiwa tayari inakaa mzee, vile Adamu hakuanza kama mtoto. Inawezekana, Mungu hashindwi. Lakini mwanga wa galaksi ya Andromeda umesafiri miaka kama milioni 2.5 kutufikia. Kama dunia na nyota ni za miaka 6,000, basi huo mwanga unatuonyesha mambo hayajawahi kutokea. Ni ngumu kumsema hivyo Mungu asiyedanganya.

Na kuna swali moja hizi njia zote hazimalizi kirahisi. Kama wanyama walikufa mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, kifo kililetwa na dhambi aje? Kuna wanaojibu kwamba Paulo aliongea kuhusu kifo cha binadamu. Kuna wenye hiyo haiwatoshi. Hapo ni sawa kubaki na swali.

Chenye si sawa ni kumwambia mtoto wa kidato cha kwanza achague kati ya Yesu na jiwe. Mawe yatapimwa tena na tena, na atayaona mwenyewe museum hapo Nairobi. Augustino alionya Wakristo wa wakati wake kuhusu hii kitu: ukiongea upuzi juu ya nyota mbele ya mtu anayezijua, hatakusikiza ukimwambia kuhusu ufufuo. Kijana wako akikushika umekosea kwa kitu anaweza kupima, atakuamini aje kwa kile hakuna mtu anaweza kupima?