Fimbo ya ndoana: namna inatengenezwa, namna inafufuliwa

Katika teritware za Kasongo na Kabambare, maji hayako mbali. Lualaba inapita upande wa Kasongo. Luama inatoka kwenye milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, inakata Kabambare, kisha inaingia katika Lualaba. Katikati kuko mito midogo na vijito vingi. Hata upande wa Salamabila, ambako habari karibu zote ni za dhahabu, watoto wengi wanajua kufunga kamba kwenye mti na kuchimbua minyoo kabla ya kujua gramu ya dhahabu inapimwa namna gani.

Lakini kufunga kamba kwenye mti ni jambo moja, kutengeneza fimbo ya ndoana ni lingine. Fimbo nyingi zinakatwa asubuhi, zinavunjika mangaribi, zinatupwa. Na zile za dukani, za kukunjuka kama antena ya redio, zikivunjika ncha zinawekwa nyuma ya nyumba pamoja na vyuma vya zamani. Kumbe zote mbili zinaweza kudumu miaka. Kazi yenyewe inaomba vitu vichache: panga, wembe, uzi, makala, gundi na uvumilivu. Katika nchi nyingi kuna watu wanaifanya siku za mapumziko, kwa kufurahisha moyo tu. Kusini mwa Maniema ina faida moja zaidi: fimbo nzuri inamruhusu mtu achague maji gani anavulia na samaki gani anapeleka nyumbani. Pale ambapo mito inachafuliwa na machimbo, kuchagua huko ni jambo la afya.

Kazi ya fimbo ni kupinda

Wengi wanafikiri fimbo ni ya kufikisha ndoana mbali tu. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kupinda. Mtu akishika kamba kwa mkono na samaki akavuta kwa ghafula, nguvu yote inafika kwenye kamba mara moja. Kamba inakatika, ao mdomo wa samaki unapasuka. Fimbo ikiwa katikati yao, inapinda na kumeza ile nguvu kidogo kidogo, kisha inairudisha. Samaki anachoka, kamba inabaki nzima.

Ndiyo maana mti mgumu sana si fimbo nzuri. Mti laini sana nao haufai, juu mtu akiuinua unapinda tu, na ndoana haishiki. Fimbo ya kufaa inapinda zaidi kwenye ncha, inapinda kidogo katikati, na shina lake linabaki imara mkononi.

Kuna njia rahisi ya kuipima. Mtu anafunga chupa ya plastiki kwenye ncha, anaitia maji kidogo kidogo, na kutazama namna fimbo inapinda. Ikipinda vizuri kama upinde, bila kona, ni nzima. Ikionyesha kona mahali fulani, hapo ndipo itavunjika siku samaki mkubwa atakapokuja. Ni bora kupajua nyumbani kuliko kupajua mtoni.

Mwanzi unachaguliwa, kisha unangojewa

Kwa fimbo ya kutengeneza nyumbani, mwanzi bado ni mfalme. Ni mwepesi, una uwazi ndani, na nyuzi zake zenye nguvu zimesongamana upande wa nje, karibu na ngozi. Kwa sababu hiyo, mtu anayeparua ngozi ya mwanzi ili ung'ae anautolea nguvu yake. Kinachoruhusiwa ni kulainisha tu mafundo, na kwa mkono mwepesi.

Mwanzi mchanga unaonekana mara moja: rangi yake ni kijani kibichi, na mara nyingi una unga mweupe chini ya mafundo. Ukikatwa, unakauka kwa kujikunja na kupasuka. Mwanzi wa kukata ni wa miaka mitatu hivi: rangi imefifia, maganda ya mafundo yameanguka, na ukigongwa unatoa sauti kavu. Wakati mzuri ni kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Wakati wa mvua mwanzi umejaa maji na wanga, na wanga ndio unaita wadudu wale wadogo wanaotoboa mbao na kuacha unga chini.

Kukata kunafanywa juu kidogo ya fundo, karibu na udongo, ili maji ya mvua yasisimame katika kisiki na kukiozesha. Kisha mwanzi unalowekwa katika maji wiki mbili mpaka nne, ili wanga utoke. Baadaye unasimamishwa chini ya paa, penye hewa, mwezi mmoja ao miwili. Kuuanika kwenye jua kali ni kuupasua. Hapo ndipo wengi wanashindwa: kungoja kunawachosha kuliko kazi yenyewe.

Makala, kitambaa na mikono miwili

Mwanzi ulionyooka kabisa hauko porini. Unanyooshwa kwa moto. Mbele ya yote, ukuta wa ndani wa kila fundo unatobolewa kwa waya mrefu wa chuma uliotiwa moto. Pingili iliyozibwa ikipashwa moto, hewa na mvuke vinakosa njia, na mwanzi unaweza kupasuka kwa kishindo na kumwumiza mtu macho.

Kisha mahali penye kujipinda panazungushwa juu ya makala ya mbabula, bila kugusa moto na bila kutulia mahali pamoja. Mwanzi unatoa mafuta yake, unang'aa, unalainika. Hapo unashikwa kwa kitambaa kibichi, unakunjwa upande wa pili mpaka unyooke, na unashikiliwa hivyo mpaka upoe. Ukiachiliwa mapema, unarudi ulikotoka. Kazi inaanza kwenye shina na kwenda kwenye ncha, kona moja baada ya ingine. Ngozi ikigeuka nyeusi, nyuzi zimeungua.

Kinachobaki ni kufunga uzi. Mwanzi unapasuka kwa urefu, hauvunjiki kwa upana, basi uzi uliokazwa kuzunguka fimbo unazuia ufa usitembee. Unafungwa pembeni ya mafundo na kwenye ncha, mizunguko ikigusana bila nafasi. Ili kumaliza bila fundo, mtu analaza kitanzi kidogo cha uzi mwingine chini ya mizunguko saba ao minane ya mwisho, anapitisha ncha ya uzi katika kile kitanzi, anakivuta, na ile ncha inazikwa chini ya mizunguko. Wembe unakata kinachobaki. Juu yake inapakwa vernisi ao gundi nyepesi, tabaka mbili, ili maji yasiingie.

Jambo la mwisho ni kamba. Wengi wanaifunga kwenye ncha peke yake. Ni afadhali iungwe kwanza kwenye shina, karibu na mkono, ipande kando ya fimbo ikishikwa na uzi hapa na pale, ndipo ifungwe kwenye ncha. Hivyo ncha ikivunjika, samaki haendi na ncha, kamba na ndoana pamoja. Anabaki amefungwa kwenye shina.

Kufufua fimbo ya dukani

Fimbo za dukani zinatengenezwa kwa nyuzi za kioo ao za kaboni zilizoshikanishwa na gundi ngumu. Ugonjwa wao ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni ncha kuvunjika. Kama kipande kilichokatika ni kifupi, fimbo haijafa. Pete ya ncha inapashwa moto kidogo kwa kiberiti ili gundi yake iyeyuke, inatolewa, na kurudishwa pale fimbo inapoanza sasa. Fimbo inakuwa ngumu kidogo kuliko zamani, lakini inavua.

Wa pili ni pete za katikati kupotea. Spoki ya kinga ni chuma kizuri cha kutengeneza pete mpya. Inakunjwa kwenye msumari ili ifanye duara, miguu yake miwili inapondwa iwe bapa, inalainishwa ili isikate uzi, kisha inafungwa kwa ile njia ya kitanzi. Pete zote zinapaswa kutazamana mstari mmoja, na duara lazima liwe laini kabisa. Mkwaruzo mdogo tu unakula kamba ya nailoni.

Wa tatu ni mvunjiko wa katikati, na ndio mgumu. Vipande viwili vikigundishwa kichwa kwa kichwa, vitaachana siku ya kwanza. Dawa ni kuingiza mfupa ndani: kipande cha fimbo nyingine iliyokufa, ao kijiti cha mwanzi mkavu, kinachojaza ule uwazi na kuingia sentimita tano hivi kila upande. Kinapakwa ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, vipande vinasukumwa mpaka vigusane, na fimbo inalazwa siku nzima bila kuguswa. Kisha uzi unafungwa juu ya mvunjiko na kupita mbele yake pande zote. Kwa fimbo ya kukunjuka, kipande kilichoungwa hakitaingia tena ndani ya kingine. Mwenye fimbo achague: iwe ndefu na isikunjwe, ao iwe fupi na ikunjwe.

Kuko hatari mbili. Unga wa nyuzi za kioo unaingia mapafuni na kuwasha ngozi. Ukipigwa msasa, upigwe ukiwa na maji, na mdomo ufunikwe. Na kaboni inapitisha umeme. Mashariki ya Congo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa radi sana. Mawingu meusi yakikaribia, fimbo inalazwa chini na mtu anaondoka ukingoni.

Hata Ulaya na Marekani walianzia kwenye mwanzi

Mtu asione haya kwa sababu fimbo yake ni ya mwanzi. Katika Misri ya zamani, karibu miaka 4000 iliyopita, watu walichorwa wakivua kwa fimbo. Kwenye miaka ya 1840, fundi wa bunduki wa Pennsylvania, Marekani, jina lake Samuel Phillippe, alipasua mwanzi kwa urefu na kugundisha vipande ili apate fimbo yenye nguvu ya ngozi pande zote. Baadaye Hiram Leonard, wa jimbo la Maine, alijulikana sana kwa fimbo za vipande sita. Mwanzi bora wa kazi hiyo ulitoka kusini mwa China. Marekani ilipofunga biashara na China mwaka 1950, mafundi wakakosa mwanzi, na nyuzi za kioo zikachukua nafasi. Kaboni ilifuata katika miaka ya 1970. Lakini mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaotafuta fimbo za zamani za mwanzi, wanazitolea vernisi iliyokufa, wanabadilisha uzi, na kuzirudisha mtoni.

Kuchagua maji, kuchagua samaki

Wavu hauchagui sana. Chandarua cha mbu kinachovutwa mtoni ni kibaya zaidi: kinabeba hata vitoto vya samaki ambavyo vingekuwa chakula cha mwaka ujao. Ndoana inaita samaki mmoja, na akiwa mdogo anarudishwa maji akiwa mzima. Mwanzoni mwa mvua, wakati samaki wengi wanapanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga, kuwaacha ni kama kutokula mbegu.

Fimbo ndefu inamweka mtu kwenye udongo mkavu. Hilo si dogo. Kuingia majini kunaita bilharzia, na katika mito mikubwa kuko mamba.

Kisha kuna dhahabu. Udongo unaosafishwa na makrezeri unachafua maji na kufunika mayai ya samaki. Na pale wachimbaji wanapotumia zebaki, ile wengine wanaita merkiri, sehemu yake inaingia mtoni. Vijidudu vya tope vinaigeuza kuwa sumu inayoingia katika nyama ya samaki. Samaki mdogo anaibeba kidogo, anayemla anaibeba zaidi, na wakali wanaokula wenzao, kama mbenga, wanaibeba kuliko wote. Kupika hakuitoi, kukausha kwa moshi hakuitoi. Hatari kubwa iko kwa mama mwenye mimba na kwa watoto, juu inagusa ubongo unaokua.

Mtu wa fimbo anaweza kujilinda zaidi kuliko mtu wa wavu. Anatembea na fimbo yake kupanda mto mpaka juu ya machimbo, mahali ambapo maji hayajapita kwenye udongo wa dhahabu. Anatia chambo cha bukari ao cha mchwa, ndoana ndogo, na kutafuta tilapia anayekula majani kuliko mbenga mzee. Safari inakuwa ndefu. Ndiyo maana inafaa fimbo iwe nyepesi, iwe nzima, na mwenyewe ajue kila fundo lililo ndani yake.