Duara la Hubbard

Nilikuwa natafuta matokeo ya mechi nyingine kabisa nilipoangukia video fupi ya kijana aliyevaa helmeti. Ndani ya helmeti ile, juu kidogo ya jicho la kulia, kulikuwa na kioo kidogo, na kwenye kioo hicho yakatokea maandishi. Kijana akayasoma, akawageukia wenzake, akachezesha mikono. Wenzake wakaenda kila mmoja mahali pake. Hakuna aliyefungua mdomo.

Ilikuwa mechi ya tarehe 7 Oktoba 2023 kati ya Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Washington na Chuo cha Hilbert kutoka jimbo la New York. Gallaudet ni chuo cha viziwi. Hati yake ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864, na wachezaji wake wa futiboli karibu wote ni viziwi au watu wenye usikivu hafifu. Msimu ule ulikuwa umeanza vibaya: mechi nne, vipigo vinne. Siku ya helmeti walishinda 34 kwa 20.

Nikiri kwamba futiboli ya Marekani ilikuwa hainiingii akilini. Niliiona kama mieleka ambayo mtu kaitupia mpira katikati. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za helmeti ile nilitarajia kuridhika upesi nikalale. Kilichoninyima usingizi si kioo. Ni duara.

Hata asiyejua lolote kuhusu mchezo huu amewahi kuliona duara hilo, kwenye filamu au kwenye televisheni ya kinyozi. Kila baada ya kusukumana na kuangushana, wachezaji 11 wa timu yenye mpira husogea pamoja, huinama, vichwa ndani, migongo nje, kama watu wanaochungulia kisima. Wanakaa hivyo sekunde chache, wanatawanyika, wanajipanga, mpira unaachiwa. Nilidhani ni sala. Baadaye nikadhani ni kupeana moyo. Kumbe hapo ndipo mpango wa shambulizi linalofuata unapotajwa: nani akimbilie wapi, nani amzuie nani, mpira uende kwa nani.

Na duara hilo, kwa simulizi inayokubalika na wengi, lilizaliwa Gallaudet mwaka 1894. Kwotabeki wa chuo wakati huo, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuongoza mashambulizi, aliitwa Paul Hubbard. Alikuwa akiwaeleza wenzake mpango kwa lugha ya alama, mikono wazi mbele ya umma. Dhidi ya timu za watu wanaosikia hilo halikuwa na madhara. Angeweza kusimama katikati ya uwanja akautangaza mpango wote, na wapinzani wakabaki kumtazama tu. Taabu ilikuja walipokutana na timu nyingine za viziwi. Hao walisoma kila kitu. Hubbard akawaita wenzake wasogee, wamzunguke, wampe migongo yao iwe ukuta. Mikono ikaongea ndani ya ukuta huo.

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko inavyostahili. Sisi tunaosikia tukitaka siri tunashusha sauti, tunanong'ona, tunasubiri mgeni atoke chumbani. Kiziwi akitaka siri hana sauti ya kushusha. Anahitaji mwili wa mwenzake, mgongo wa kujificha nyuma yake. Leo timu za mchezo huu, kuanzia watoto wa shule hadi mamilionea wa ligi ya kulipwa, zinainama namna ile ile, na wengi wao hawajui kwamba wanaficha mikono ambayo haisemi chochote.

Wapo wanaobisha. Bob Zuppke, kocha wa Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1920, hutajwa kuwa ndiye aliyelifanya duara kuwa desturi ya mchezo, na wengine wamewahi kudai kwamba lilianzia kwao. Huenda wote wana sehemu yao ya ukweli, kwani mtu mmoja anaweza kuanzisha na mwingine akaeneza. Hubbard mwenyewe baadaye alikwenda kufundisha shule ya viziwi huko Olathe, Kansas, na mchezo akauanzisha huko. Mimi nipo upande wake. Sababu yake ndiyo pekee inayoonekana kwa macho.

Turudi kwenye helmeti. Kocha mkuu wa Gallaudet siku ile, aliyeshika kazi hiyo tangu 2010, alikuwa Chuck Goldstein, mtu anayesikia, na nimefuatilia maelezo yake kuhusu kazi hii hadi nikajikuta nauona uwanja kwa macho yake. Shida yake kubwa si ile unayoidhania. Vijana wake wanaelewana vizuri mno, lugha wanayo. Shida ni kwamba lugha hiyo inadai macho. Kocha aliye pembeni akiamua ghafla kubadili mpango, ni lazima mchezaji awe anamtazama wakati huo huo. Akigeuza uso kumwangalia mpinzani, kwa sekunde moja tu, ujumbe umempita. Kumi wanacheza mpango mpya, mmoja anacheza wa zamani, na huyo mmoja ndiye anayegongwa asipotarajia. Kocha wa watu wanaosikia anaweza kupiga kelele mgongoni mwa mchezaji. Goldstein hana mgongo wa kupigia kelele.

Halafu kuna filimbi. Mwamuzi anapuliza, mchezo umekwisha, na kijana ambaye hakuona ishara ya mkono bado anakimbia kwa kasi yake yote kumwangusha mtu aliyekwisha simama. Adhabu.

Kwa miaka mingi tatizo la wakati wa kuanza walilitatua kwa ngoma. Ngoma kubwa hasa, pembeni mwa uwanja, ikipigwa kwa hesabu. Mshindo wake haukuwa wa masikio. Uliingia kifuani, ukatikisa mbavu, na wachezaji walijua mpira unaachiwa pigo la ngapi. Wapinzani nao waliisikia, tena vizuri zaidi, lakini namba ya pigo ilikuwa imeshatajwa ndani ya duara. Sijui kama kuna matumizi mengine ya ngoma duniani ambapo anayeisikia ndiye asiyeielewa.

Lakini ngoma haiwezi kusema kwamba mpango umebadilika. Kioo kinaweza. Kocha anagusa kishikwambi, anachagua mpango, na maneno yanasafiri kwa mtandao wa simu hadi kwenye jicho la kwotabeki. Kampuni ya AT&T ndiyo iliyoshirikiana na chuo kuitengeneza helmeti hiyo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilitoa ruhusa ya majaribio. Ya mechi moja.

Mechi moja! Hapa ndipo ninapokwama. Ligi ya kulipwa ya Marekani iliruhusu redio ndani ya helmeti ya kwotabeki mwaka 1994, miaka mia moja kamili baada ya duara la Hubbard. Vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa redio kama hiyo kwa msimu wa 2024. Kwa wanaosikia hilo linaitwa maendeleo ya mchezo. Kwa viziwi, mwaka 2023, liliitwa jaribio. Na kampuni ya simu ikishapata tangazo lake zuri, kamera zikishafungwa, nani anabaki na bili? Gallaudet inacheza daraja la tatu, ambako hata udhamini wa masomo kwa ajili ya michezo hautolewi.

Lipo na swali jingine, ambalo halina uhusiano na kocha huyu binafsi, maana rekodi yake inajitetea: mwaka 2013 vijana wake walishinda mechi 9 wakaingia mtoano wa kitaifa kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo. Ila hiki ni chuo ambacho wanafunzi wake, Machi 1988, walifunga malango wakidai mkuu wa chuo awe kiziwi, baada ya miaka 124 ya kuongozwa na wanaosikia. Wakampata, I. King Jordan. Je, kocha wa pembeni mwa uwanja kuwa kiziwi nako kuna umuhimu wa namna hiyo, au uwanjani kinachohesabiwa ni mabao tu? Nimewauliza rafiki zangu wawili swali hili na nimepata majibu matatu.

Jambo ambalo watazamaji hulisahau ni kwamba ukimya una faida zake. Katika mchezo huu kwotabeki hupenda kubadili sauti ghafla, akibweka namba kwa ukali, ili walinzi wa upande wa pili warukie kabla ya wakati na kuadhibiwa yadi 5. Mbele ya Gallaudet anabweka bure. Walinzi wale wanautazama mpira. Mpira usipotikisika, hawatikisiki. Makelele ya mashabiki ugenini, yanayowavuruga wengine hadi wanashindwa kusikilizana, kwao si kitu.

Na alama zao zimefika mbali kuliko mchezo wao. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, mwaka 1954, alikuja Afrika akaanzisha shule 32 za viziwi, zikiwemo za Kongo na Burundi. Alifariki mwaka 1987 kwa ajali ya ndege nchini Rwanda. Mtoto kiziwi wa Kinshasa na kwotabeki wa Washington wakikutana leo, kuna maneno watakayoelewana kabla ya mkalimani kufika. Wakicheza timu pinzani, itabidi mmoja wao afiche mikono.

Nimeiangalia ile video tena. Kioo kinamwandikia mtu mmoja tu. Wachezaji ni 11, kwa hiyo kumi waliobaki hawajui chochote mpaka aliyesoma ageuke na kuinua mikono, nao wawe karibu, na wawe wanamtazama.