Kilabu kizuri na kilabu cha kujutia: mambo ya kuangalia kabla hujaketi

Mavuno yakishaingia, fedha huanza kutembea mkoani Ruvuma. Mahindi yananunuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pamoja na wafanyabiashara, kahawa inauzwa Mbinga, na baadaye Tunduru nao wanauza korosho. Ndio msimu ambao vilabu vya pombe, grosari na baa za Songea na vijiji vyake hujaa kuliko miezi mingine yote.

Wapo wanaotoka huko wamefurahi, wamesalimiana na watu na kupata habari za bei ya mbolea. Wapo pia wanaorudi nyumbani bila fedha, bila simu au na tumbo la kuhara. Tofauti hiyo mara nyingi si bahati. Mambo yanayoifanya siku ya kilabuni iwe nzuri au mbaya yanaonekana mapema, ukijua pa kutazama. Makala hii inayaeleza moja baada ya jingine. Haikusudii kumshawishi asiyekunywa aanze kunywa.

Watu wanafuata nini kilabuni?

Wengi hudhani wanafuata pombe. Lakini pombe mtu anaweza kununua akanywea nyumbani. Kinachomtoa mtu nyumbani ni watu: kukutana na fundi anayemdai, kusikia nani ana ng'ombe wa kuuza, kuongea na wazee, kucheza bao au kutazama mpira.

Waingereza nao wana nyumba zao za pombe, wanaziita pabu, na maana ya jina lake ni nyumba ya watu wote. Mwaka 1946 mwandishi wao George Orwell aliandika gazetini kuhusu pabu moja aliyoipenda, akataja sifa zake kumi. Bia ilikuwamo, lakini aliweka mbele hali ya mahali: utulivu unaoruhusu mazungumzo, na wahudumu wanaowajua wateja wao. Hakutaka hata redio ndani, jambo ambalo sisi hapa redioni tunamsamehe. Mwishoni akasema pabu yenye sifa zote kumi haipo, ila zipo zinazokaribia.

Hata kwetu ni hivyo. Kilabu chenye kila kitu huenda hakipo. Lakini yapo mambo machache ambayo yakikosekana, ni bora kuondoka.

Kwanza, tazama maji na vyombo

Kabla ya kuonja, angalia vikombe vinaoshwaje. Je, kuna maji safi na sabuni, au ni ndoo moja ya maji yenye rangi ya matope ambayo kila kikombe kinachovywa humo? Je, pombe imefunikwa, au nzi wanatua? Je, kuna choo na maji ya kunawa? Kilabu kisicho na choo kina wateja wanaojisaidia nyuma ya ukuta, na mikono hiyohiyo inashika kata ya kuchotea.

Pombe ya nafaka huchemshwa wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo wengi huamini haina vijidudu. Tatizo huja baadaye. Muuzaji akiona pombe ni nzito au inakaribia kuisha, anaweza kuongeza maji ambayo hayakuchemshwa. Hapo kuhara na kipindupindu hupata njia. Ulanzi nao hauchemshwi kabisa: hugemwa kwenye mwanzi wakati wa mvua, hasa Njombe na Iringa, ukasafirishwa kwenye madumu. Usafi wa chombo cha kugemea na wa dumu ndio usafi wa kinywaji chenyewe.

Hivyo uliza bila aibu: "Mama, hii imeongezwa maji?" Muuzaji mzuri hakasiriki. Atakueleza.

Pili, jua imetengenezwa na nini

Pombe ya mahindi, kama komoni, ina kazi ya siku kadhaa. Ulezi hulowekwa, huachwa uote, huanikwa na kusagwa kupata kimea. Unga wa mahindi hupikwa, huachwa upoe, kisha kimea hutiwa ili pombe iumuke. Ikinywewa mapema ni tamu na hujaza tumbo gesi. Ikichelewa inakuwa chachu. Kwa hiyo swali la pili la kuuliza ni: "Hii ni ya lini?" Anayejua kazi yake atakutajia siku.

Swali kubwa zaidi ni kuhusu mahindi yenyewe. Katika nyumba nyingi mahindi yakichambuliwa, mazuri huenda kwenye unga na yaliyoota ukungu huwekwa kando "ya pombe". Hii ni desturi ya hatari. Baadhi ya ukungu hutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo huharibu ini na kwa muda mrefu husababisha saratani. Kuchemsha hakuimalizi, na kuumua hakuimalizi. Sumu iliyokuwa kwenye punje inaingia kwenye kikombe. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Mkulima anayetenga mahindi mabovu kwa ajili ya pombe mara nyingi anaiuza sumu hiyo kwa jirani yake, na jioni anainywa yeye mwenyewe.

Ipo pia gongo, pombe ya moshi. Kuitengeneza na kuiuza bila kibali ni kosa kwa sheria iliyopo tangu mwaka 1966. Mnywaji hana njia ya kujua imepita kwenye vyombo gani au imechanganywa na nini. Kinachoogopwa zaidi ni spiriti ya viwandani yenye methanoli, ambayo wauzaji wasio na huruma huichanganya ili pombe "ishike". Pombe kali za bandia zilizojazwa kwenye chupa za kampuni nazo zina hatari hiyo. Chupa ya pombe kali ifunguliwe mbele yako, na kifuniko kiwe hakijaguswa.

Methanoli ina ujanja mmoja: haionyeshi madhara mara moja. Mtu analala kama mlevi wa kawaida. Baada ya saa 12 hadi 24 anaanza kuona ukungu machoni, kichwa kinauma, anatapika, tumbo linakata na anahema haraka. Wenzake hudhani ni hangova, wanampa nyingine azimue. Huko ni kupoteza muda. Mtu anayesema haoni vizuri baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe ya wilaya au ya rufaa ya mkoa hapa Songea, na daktari aelezwe ukweli kuhusu alichokunywa. Akiwahishwa, macho na maisha vinaweza kuokolewa.

Tatu, fanya hesabu ya nguvu ya pombe

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi kitupu. Mwili wa mtu mzima huhitaji takriban saa mbili au zaidi kuumaliza. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 200 yenye asilimia 35, ina mililita 70. Hiyo ni karibu sawa na bia tatu, ingawa inaingia kwenye mfuko wa shati.

Sasa tazama mtindo wa raundi. Mmetokea watu sita, mmoja anasema, "Dada, wape wote kwa bili yangu." Wa pili anaona aibu, naye anatoa. Waingereza wana desturi hiyohiyo kwenye pabu zao. Mzunguko ukifika kwa wa sita, kila mmoja ameshapata bia sita, hata yule aliyekuja kwa ajili ya moja. Kwa hesabu ya saa mbili kwa bia, mwili unahitaji saa 12 kuimaliza. Aliyeacha kunywa saa 5 usiku bado ana kilevi mwilini saa 12 asubuhi anapowasha bodaboda. Maji ya baridi, kahawa au supu ya utumbo havipunguzi muda huo. Vinamfanya tu awe mlevi aliye macho.

Pombe ya kienyeji haina lebo. Jagi la leo linaweza kuwa jepesi na la kesho kali, kwa sababu imekaa siku moja zaidi. Kwa hiyo kunywa taratibu, kula kwanza, na usione aibu kuagiza togwa au soda katikati. Kilabu kizuri kinauza togwa, na hakuna anayemcheka anayeinywa.

Nne, linda mfuko wako

Ugomvi mwingi wa baa huanzia kwenye hesabu. Mhudumu anasema bia saba, mteja anasema tano. Dawa yake ni rahisi. Lipa kila unapoletewa, hesabu chenji hapohapo, au chupa tupu zibaki mezani hadi mwisho. Kwenye kilabu, kubalianeni kipimo na bei kabla ya kumimina: lita, jagi au kikombe kipi. Baa inayoondoa chupa tupu haraka wakati bili haijalipwa inakupa sababu ya kuwa macho.

Usiende na fedha zote za mazao. Chukua mkulima aliyeuza magunia 20 akapitia baa akiwa na fedha yote kwenye koti. Akinunua raundi moja, meza nzima imejua ana nini. Mizinga itaanza: huyu ana mgonjwa, yule anadai nauli. Wengine watasubiri alewe. Fedha ibaki benki au kwenye simu, na namba ya siri isitajwe kwa mhudumu hata kama macho hayaoni vizuri. Mfukoni beba kiasi ambacho kikiisha chote, ada ya mtoto na mbolea bado vipo.

Ukitoka kwenda choo, malizia kinywaji au mwachie mtu unayemwamini. Ukikikuta kimehama, agiza kingine. Kupoteza kikombe kimoja ni rahisi kuliko kuamka mtaroni bila simu.

Tano, tazama watu na saa

Muuzaji halali ana leseni, na leseni ina saa. Kilabu kinachojaa saa 3 asubuhi siku ya kazi hakikupi picha nzuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na pia inakataza kumruhusu kuingia baa. Ukiona mtoto anatumwa na jagi, au binti mdogo anahudumia walevi usiku, hapo sheria imevunjwa na mwenye mahali anajua.

Angalia pia mwenye kilabu anavyomtendea aliyelewa. Kilabu kibaya kinaendelea kummiminia mradi ana noti. Kilabu kizuri kinamwambia, "Mzee, leo basi," kinamwitia kijana wa kumsindikiza, na kesho mzee huyo anarudi akiwa na heshima yake. Angalia wanawake wanavyokaa pale. Mahali ambapo mama anaweza kuketi na togwa yake bila kushikwashikwa, kwa kawaida hata wanaume wanakuwa salama zaidi.

Na kabla ya kuketi, jua utarudije. Kama dereva wa bodaboda unayemtegemea yupo meza ya pili na chupa mkononi, tafuta mwingine mapema.

Neno kwa wanaouza

Nyuma ya vilabu vingi yupo mama anayesomesha watoto kwa pombe hiyo. Kuni, kimea na kukesha usiku vyote ni vyake. Kwake, usafi ni biashara. Mahindi safi, maji yaliyochemshwa, vikombe vilivyooshwa kwa sabuni, choo kinachofungika na bei inayojulikana humletea wateja wanaolipa na kurudi. Mlevi aliyenyang'anywa fedha yote leo hana cha kununulia wiki ijayo, na mkewe atawaambia wengine.

Kipimo cha asubuhi

Mtu akikuuliza kilabu kipi ni kizuri, usimjibu kwa ukali wa pombe wala ukubwa wa spika. Kizuri ni kile ambacho asubuhi yake unaamka nyumbani kwako, macho yanaona, fedha uliyopanga kubaki nayo ipo, na jirani uliyekaa naye jana unaweza kumwamkia bila kukwepesha uso. Kilichokosa mojawapo ya hayo kimekugharimu zaidi ya bei ya jagi. Jioni ikifika, pita mbele yake uende kwingine, au uende nyumbani.